"Kama haina dawa, Moshi tunakwenda kufanya nini?"

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi wilaya ya Same, huku juu milimani. Mabinti wawili wakubwa hawana shida. Tatizo ni mdogo wao wa kiume. Ana miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza.

Alichelewa kutembea, wakwe wakasema watoto wa kiume ndivyo walivyo. Baadaye akawa mtu wa kuanguka ovyo. Ngazi anapanda kwa kushika ukuta, mguu mmoja, halafu anausubiri mwingine. Akikaa kwenye mkeka, kuinuka ni kazi: anageuka anapiga magoti, anatanguliza mikono chini, anainua makalio, kisha anashika magoti, anashika mapaja, anajipandisha kwa mikono yake mwenyewe mpaka asimame. Wenzake wanamwita "babu". Cha ajabu mashavu ya miguu ni makubwa na magumu, wageni wakimwona wanasema huyu atacheza mpira.

Tumezunguka sana. Zahanati walisema kalsiamu imepungua. Hospitali moja wakapima damu, vipimo vya ini vikatoka juu, tukatibiwa ini kwa muda mrefu na mafuta tukakatazwa. Picha ya ini ikaja safi, lakini vipimo vikabaki vile vile. Mwaka huu tukaangukia kwa daktari kijana. Yeye wala hakugusa tumbo. Alimwambia mtoto akae sakafuni, kisha ainuke. Akaandika kipimo kimoja cha damu kinaitwa CK. Karatasi inasema mwisho iwe kama 200, ya mwanangu imeandikwa 14,600. Akasema inaelekea ni Duchenne, ugonjwa wa misuli, akatupa rufaa ya hospitali kubwa ya KCMC, Moshi. Mume wangu akamuuliza swali moja tu: unapona? Akajibu hauponi.

Tangu siku hiyo karatasi ya rufaa imelala kabatini. Baba yake anasema, "Kama haina dawa, Moshi tunakwenda kufanya nini? Kula nauli?" Si mtu mbaya, daktari. Ni fundi ujenzi, na mtoto huyu ndiye roho yake. Ndiyo maana ameamua kumjenga mwenyewe: kila asubuhi kabla ya kazi anamkimbiza kushuka mteremko hadi barabarani, wakirudi ni kichurachura uani. Usiku mtoto analia miguu. Kuna siku alikojoa mkojo umeiva rangi, mweusi mweusi, nikaogopa.

Mama mkwe anasema kwetu kuna laana, kwa sababu kaka yangu naye alikuwa hivi hivi. Ni kweli. Aliacha kutembea akiwa darasa la sita, akafariki na miaka kumi na minane, tulimkuta asubuhi. Upande wa mume hakuna mtu wa namna hiyo. Mdogo wangu wa kike ana mimba ya miezi minne na bado sijamwambia lolote. Kuna dada tunasali naye anauza dawa lishe ya kujenga misuli, kopo 85,000, anasema akimaliza makopo matatu atakimbia. Nimeshaanza kuchanga.

Na mtoto ameanza kuuliza mbona yeye hawezi kuruka kamba. Nimwambie nini? Samahani kwa barua ndefu. Naandika wakiwa wamelala, maana kesho babu yao anakuja kupanga tohara ya Desemba, yeye na binamu zake, na sina tena nguvu ya kubishana na kila mtu.

Mama wa Watatu, Same

*

Marahaba, mama.

Naanza na jambo ulilolitaja mwishoni kwa kupita, maana ndilo linaloweza kuua haraka kuliko yote: tohara. Sisemi asitahiriwe. Nasema yeyote atakayemshika kwa kisu ajue kabla kwamba mtoto huyu ana ugonjwa wa misuli. Ganzi inayochomwa pale pale haina shida hii. Shida ni nusu kaputi ya kulala kabisa. Ipo dawa ya kulegeza misuli inayoitwa suksamethoniamu, na zipo dawa za usingizi za kuvuta, halotheni na jamaa zake. Kwa mtoto mwenye Duchenne zinaweza kuvunja misuli kwa mkupuo, potasiamu ikamwagika kwenye damu na moyo ukasimama palepale mezani. Njia salama za kumlaza zipo na mtaalamu wa usingizi anazijua, ila lazima aambiwe. Liandike jina la ugonjwa kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lake la kliniki, maana kesho si tohara, kesho kutwa atavunjika mkono na utakuta zamu ya watu wengine.

Kwa babu, usimwambie tohara imekatazwa. Mwambie itafanyika, hospitali kubwa, baada ya mtoto kuonwa KCMC. Wazee wengi ninaowajua hawagombani na jambo lililoahirishwa. Wanagombana na jambo lililofutwa.

La pili halisubiri Desemba. Kichurachura kikome kesho asubuhi, na ule mteremko pia. Najua nazungumzia upendo wa baba hapa, kwa hiyo nitaeleza kirefu ili umsomee na yeye.

Mwili una misuli zaidi ya 600 inayoshika mifupa. Msuli mmoja ni fungu la nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu yenye utando mwembamba kwa nje. Ndani ya uzi kuna protini mbili, aktini na miosini, zinazovutana. Zikivutana, msuli unafupika na mguu unainuka. Sasa kuna protini ya tatu, distrofini, ambayo kazi yake ni kuifunga mitambo hiyo ya ndani kwenye utando ili mvuto usiuchane. Mwenye Duchenne hana distrofini, au anayo kidogo isiyofaa kitu. Msuli wake ni kama kanga isiyopindwa: haijachanika siku unayoinunua, lakini kila ukiifua inafumuka kidogo. Utando ukichanika, kalsiamu inaingia ndani kupita kiasi na ule uzi unakufa. Mwili hujaribu kuziba kwa seli zake za akiba, na miaka ya kwanza unafanikiwa, ndiyo maana kuna wakati mnaona kama mtoto anapata nafuu. Kisha akiba inachoka. Mahali pa nyuzi panajaa mafuta na kovu. Hayo mashavu ya miguu yanayowafurahisha wageni, sehemu kubwa ni hayo mafuta na kovu.

Na kinachochana zaidi ni kushuka kuliko kupanda. Msuli unaumia vibaya pale unapojikaza huku unarefushwa, yaani unapoteremka mlima, unapotua baada ya kuruka, unapochuchumaa. Tazama basi ratiba ya mume wako: mbio za mteremko, halafu kichurachura. Mtu angekaa makusudi kutafuta mazoezi mabaya kuliko yote kwa ugonjwa huu, asingepata yanayozidi hayo mawili. Ule mkojo mweusi ulikuwa ni rangi ya misuli iliyovunjika ikipita kwenye figo. Ukirudi tena, mpe maji mengi na uende naye hospitali siku hiyo hiyo.

Simaanishi akae kitako kutwa. Atembee mahali pa tambarare, acheze, apumzike anapotaka yeye na si anaporuhusiwa. Maji yakipatikana, kuogelea ni kuzuri mno kwao. Kama mnamtumia usafiri hata wa kumshusha tu kwenda shule na akarudi kwa mguu taratibu, mmemwokolea nyuzi nyingi. Wengi hufikiri kinyume chake.

Nirudi nyuma kidogo kwenye lile suala la ini, kwa sababu si nyinyi peke yenu. Vimeng'enya vya AST na ALT ambavyo huitwa vipimo vya ini vinatoka kwenye misuli pia. Msuli ukifumuka, vinapanda, na asiyewaza misuli anatibu ini. Kipimo kingine, GGT, hakitoki kwenye misuli. Kikiwa cha kawaida huku vile viwili viko juu, daktari anapaswa kushtuka na kupima CK, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu msuli ukivunjika. Daktari wenu kijana alifanya jambo ambalo halina gharama yoyote. Kule kuinuka kwa kujipandia kulielezwa na William Gowers wa London mwaka 1879, na mpaka leo hakuna mashine inayolizidi kwa haraka. (Ugonjwa wenyewe una jina la Mfaransa Duchenne wa miaka ya 1860, ingawa Mwingereza Edward Meryon alishauandika mwaka 1852. Dunia ndivyo inavyogawa majina.)

Sasa swali la baba. Ni swali la haki, na tatizo ni kwamba alijibiwa nusu. Kisukari nacho hakiponi, presha nayo, na hakuna anayewaambia wagonjwa wake wabaki nyumbani.

Kwanza kuna kuthibitisha. CK ya juu kiasi hicho, umri huo, na mjomba aliyekwenda njia hiyo, vyote vinaelekeza Duchenne, lakini kuna ndugu yake mpole zaidi anayeitwa Becker, na kuna magonjwa mengine ya misuli yanayofanana naye kwa sura. Kinachokata shauri ni kipimo cha vinasaba. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi na majibu huchukua muda, na wakati mwingine gharama inakwamisha. Mkikwama, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, msiondoke kimya. Matunzo mengi yanaanza hata kabla majibu hayajarudi.

Halafu kuna dawa. Prednisoloni, kidonge cha bei ndogo ambacho duka la dawa lolote la mjini linacho, ndiyo iliyothibitika miaka mingi kupunguza mwendo wa ugonjwa huu. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ingawa daktari ndiye ataamua cha mwanao. Bila dawa, wengi huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13, kama kaka yako. Wanaotumia wengi wao hutembea miaka kadhaa zaidi, mgongo haupindi sana kama ambavyo ungepinda, na kifua kinabaki na nguvu kwa muda mrefu. Huanzwa kabla mtoto hajaanza kupoteza anachokiweza, na umri wa mwanao ndio huo. Kila mwezi karatasi ikilala kabatini, ni mwezi wa nyuzi zilizokwenda.

Sitakuficha madhara. Ataongeza hamu ya kula na uso utajaa, kimo kitachelewa, mifupa itadhoofika, na wengine hubadilika tabia wakawa wakali. Kabla ya kuanza, chanjo zote zikaguliwe, na mwambie daktari kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu, maana dawa hii huamsha kifua kikuu. Na hili liingie kichwani kwa kila mtu mzima wa nyumba hiyo: ikishaanza kutumika, HAIACHWI GHAFLA. Mwili huwa umesimamisha homoni yake yenyewe, na mtoto akikatishwa dawa siku moja kwa sababu imekwisha au kwa sababu shangazi kasema inanenepesha, anaweza kuzimia na kufa.

Cha tatu ni moyo na kifua. Moyo nao ni msuli, nao hauna distrofini. Atahitaji kipimo cha Eko, yaani picha ya moyo kwa ultrasound, sasa na kila mwaka, na kufikia miaka 10 kwa kawaida huanzishiwa dawa ya kuulinda moyo hata kama haujaonyesha udhaifu. Kaka yako mlimkuta asubuhi. Usiku ndipo misuli ya kupumua ya vijana hawa inapozidiwa, wanaamka na kichwa kizito, wanasinzia mchana, na nyumbani inaonekana ni uvivu. Siku hizi mashine ya kusaidia kupumua usiku na dawa za moyo zimefanya wengi, katika nchi zenye huduma hizo, wavuke miaka 30. Huku kwetu mashine hizo ni chache na ni ghali, najua. Lakini ziko, na anayezipata ni yule ambaye hospitali ilishamjua tangu angali anatembea.

Kuna jambo moja la Moshi ambalo nadhani mume wako atalipenda kama fundi. Hapo hapo KCMC kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Wanatengeneza magango ya kuvaa usiku yanayozuia kano ya kisigino isifupike. Kano hiyo ikifupika mtoto anatembea kwa vidole na kuanguka zaidi. Mtaalamu wa mazoezi tiba atamfundisha baba kumnyoosha: mtoto amelala chali, goti limenyooka, mkono mmoja umeshika kisigino na mwingine unasukuma kanyagio la mguu kuelekea usoni, polepole, mpaka kunabana lakini hakuumi, kisha anashikilia hapo kwa muda. Kila jioni, miguu yote miwili. Hiyo ndiyo ichukue nafasi ya zile mbio za asubuhi. Na ana kazi nyingine ya miaka ijayo ambayo hakuna daktari anayeiweza: chuma cha kushikia chooni, na mteremko wa saruji badala ya ngazi mlangoni, kila sentimeta moja ya kimo ipewe sentimeta 12 za urefu. Siku kiti mwendo kitakapohitajika, nyumba iwe tayari, mtoto asije akafungiwa ndani kama ilivyokuwa kwa vijana wengi wa rika la kaka yako.

Lile kopo la 85,000, mimi nisingenunua. Protini yoyote inayopita tumboni inasagwa vipande vipande; hakuna unga unaofika kwenye msuli ukiwa distrofini. Hela hiyo inatosha nauli yenu wote watatu hadi Moshi na kurudi, na chenji inabaki. Utasikia pia habari za tiba ya jeni ya Marekani. Ipo: Elevidys, iliidhinishwa mwaka 2023, dozi moja dola milioni 3.2. Inabeba toleo lililofupishwa la jeni ya distrofini, kwa sababu jeni nzima ndiyo ndefu kuliko zote za binadamu na haienei kwenye kirusi kinachotumika kuibeba hadi kwenye misuli. Mwaka 2025 wavulana wawili waliokuwa hawatembei tena walikufa kwa ini kushindwa kazi baada ya kuipata. Kwa hiyo si muujiza unaonyimwa na umaskini tu. Ni tiba changa bado. Usikeshe kwa ajili yake.

Shuleni nenda wewe mwenyewe na karatasi ya daktari. Akalie dawati karibu na mlango, asipandishwe ngazi bila sababu, asichapwe kwa kuchelewa mstarini wala asipewe kichurachura. Viboko kisheria ni vya mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, basi ongea naye huyo. Kama anasoma kwa shida, waambie pia kwamba distrofini ina kazi kwenye ubongo, na baadhi ya watoto hawa hukwama kwenye kusoma na kukumbuka bila kuwa wazembe.

Sasa mama mkwe. Jicho lake liliona sawa kwamba jambo hili linapita upande wenu. Jeni ya distrofini iko kwenye kromosomu ya X. Wewe una X mbili, moja yenye hitilafu na moja nzima inayokulinda. Mwanao wa kiume alipata X moja tu, kutoka kwako, na ikawa ile. Ingeweza kuwa nyingine. Kila mimba ya mtoto wa kiume ni nusu kwa nusu, na kila binti ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji kama wewe. Hukuchagua, mama yako hakuchagua, hakuna aliyekosea kafara. Na takriban theluthi moja ya watoto wenye Duchenne duniani hawana mjomba wala babu mgonjwa. Kwao hitilafu imeanza upya. Mume wako hakuchangia chochote hapa, basi asitafutiwe lawama na nyinyi wala nyinyi msitafutiwe na wao. Ukiona maneno yanazidi, mwombe daktari wa KCMC amweleze mama mkwe uso kwa uso. Nimeona wakwe wagumu wakilainika wakielezwa na mtu mwenye koti jeupe kile walichokataa kukisikia kwa mkwe wao.

Mdogo wako umwambie wiki hii. Naye ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji, na ana haki ya kujua kabla ya kujifungua. Akizaa mvulana, CK ipimwe baada ya wiki kadhaa, si siku za kwanza, maana kuzaliwa kwenyewe huipandisha. Mabinti zako hawana haraka, watapimwa wakifika umri wa kuamua wenyewe. Wewe una haraka: wabebaji wengine moyo wao hudhoofika taratibu bila dalili. Mkifika Moshi, omba na wewe ufanyiwe Eko. Beba karatasi ya CK, majibu yote ya ini, kadi ya chanjo, na uandike kumbukumbu za kaka yako: alianza kuanguka lini, aliacha kutembea lini, miezi ya mwisho ilikuwaje.

Na mtoto anayeuliza kuhusu kamba, mjibu alichouliza. Mwambie misuli yake ni dhaifu, alizaliwa nayo hivyo, hakufanya kosa, na ndiyo maana baba ameacha kumkimbiza. Akiuliza kama itapona, mwambie dawa ya kuimaliza haijapatikana, ya kuisaidia ipo na ataanza kuinywa. Usimwahidi mpira. Na wenzake wakiizungusha kamba, yeye anaweza kushika ncha moja.